Kwenye Waya wa Sabufa, Nunua Wavu

Sabufa kunguruma ni ugonjwa unaojulikana sana Chang'ombe. Muziki haujawekwa, king'amuzi kimetulia, lakini spika inatoa "mmm" nzito isiyokoma. Ushauri huja haraka: nenda Kariakoo ukanunue waya wa maana. Ukifika unaoneshwa waya mnene wenye pini za rangi ya dhahabu, na bei yake imepaa. Kabla pesa haijatoka, yapo maswali mawili ya kujibu: waya huu unabeba nini, na ule mngurumo unaingilia wapi?

Tuanze na mzigo. Waya wa pini nyekundu na nyeupe, unaotoka kwenye king'amuzi, televisheni au simu, haubebi nguvu ya kusukuma spika. Kazi hiyo ni ya amplifaya iliyo ndani ya sabufa. Waya hubeba ishara ndogo tu, ambayo kwa kawaida haizidi volti 2. Mlango wa kuipokea una ukinzani mkubwa, mara nyingi omu 10,000 au zaidi, kwa hiyo ishara ya volti 1 hupitisha mkondo wa miliampia 0.1 tu. Uzi wa shaba wa katikati, hata ukiwa na unene wa milimita ya mraba 0.1, haufikishi nusu omu kwa urefu wa mita 2. Nusu omu mbele ya omu 10,000 ni sehemu moja katika 20,000. Hakuna sikio linalousikia upungufu huo.

Wapo wauzaji wanaosema waya rahisi hula sauti nyembamba. Ni kweli kwamba kila waya wa aina hii una tabia ya kapasita, kiasi cha pikofaradi 100 hivi kwa mita. Lakini piga hesabu: waya wa mita 2, ukiunganishwa na chombo chenye ukinzani wa omu 1,000, huanza kupunguza sauti kwenye kilohezi 800 hivi. Sikio la binadamu hukomea kilohezi 20. Mwenye haki ya kuhangaikia jambo hili ni anayepiga santuri, maana koili ya kichwa cha sindano yake ina induktansi kubwa, na ikikutana na kapasita ya waya sauti nyembamba hubadilika.

Uzi wa kati, basi, hauna kesi. Kesi iko kwenye wavu: nyuzi za shaba zinazouzunguka uzi huo chini ya ganda la plastiki. Umbo hilo lilipewa hataza mwaka 1880 kwa jina la Oliver Heaviside wa Uingereza. Wavu una kazi mbili. Ya kwanza ni kukinga ishara, kwa mfano dhidi ya mikwaruzo inayotokana na mota za mashine za mbao, ambazo jirani zetu wa Keko wanazo nyingi. Ya pili ni kurudisha mkondo ulikotoka, na hapa ndipo mngurumo unapopata mlango.

Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na ile "mmm" ni sauti ya hizo hezi 50 pamoja na wenzake wa 100. King'amuzi chenye plagi ya pini mbili hakina ethi, na pawasaplai yake huvujisha mkondo kidogo kwenye bati. Ndiyo maana ukilipitishia mgongo wa kidole unahisi mtekenyo. Mkondo huo unatafuta pa kwenda. Ukiwapo upande mwingine uliogusana na ardhi, iwe kwa pini ya ethi au kwa dishi lililofungwa ukutani, unaweza kupita kwenye wavu. Chukulia ni miliampia 0.2, na wavu wa nyuzi chache wenye ukinzani wa omu 1: ishara inaongezewa milivolti 0.2 za mngurumo. Wavu mzuri wa omu 0.05 huushusha mara 20.

Kwa hiyo dukani omba mita. Gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma ngapi, kisha pima kutoka ganda la pini moja hadi ganda la pini ya upande wa pili, na utoe ile namba ya mwanzo. Wakati unapima, kunjakunja shingo ya waya pale unapoingia kwenye pini, maana nyaya nyingi hufia hapo. Namba ikirukaruka, rudisha. Kama pini inafunguka kwa skrubu, chungulia ndani: wavu uliofumwa au kuzungushwa kwa nyuzi nyingi nyembamba hustahimili kukunjwa, ila karatasi ya aluminiamu peke yake huchanika. Usidanganywe na unene, kwani mara nyingi ni plastiki tu. Tena waya mgumu, kabati likisukumwa ukutani, huvuta tundu la sabufa hadi lehemu yake ikaachia. Waya laini wa mita moja na nusu unatosha sebule nyingi.

Dhahabu je? Haishiki kutu, na hiyo ni faida kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam. Lakini hupitisha umeme kidogo kuliko shaba, na haiongezi utamu wowote. Pini ya nikeli inayofutwa kwa spiriti mara mojamoja inafanya kazi ileile.

Na pengine huhitaji kununua kitu. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja, kisha chomoa waya wa dishi. Mngurumo ukikata, njia yake umeijua. Usikate wala kuondoa pini ya ethi ili kuunyamazisha; ethi ipo kwa ajili ya uhai wako. Na ikiwa waya wako wa zamani una wavu mzuri ila umekatika shingoni, fundi redio atapunguza kipande na kulehemu pini mpya. Chang'ombe, kwenye chuo cha VETA na mafundi kila mtaa, hiyo si kazi ya kutafutia mtu mbali.