Kifaranga asiyejua kuogelea

Baridi haimtishi pengwini mkubwa wa Antaktika. Dume hulalia yai juu ya miguu yake zaidi ya siku 60, bila kula, katika majira ya kipupwe yenye giza. Sasa shida iko wapi? Iko pale anaposimama.

Makundi mengi huzaliana juu ya bahari iliyoganda, na barafu hiyo inatakiwa ishike mpaka Desemba hivi, vifaranga wabadili manyoya. Manyoya ya utotoni ni kama pamba: yanatia joto, lakini yakiingia maji, basi. Barafu ikivunjika mapema, mtoto anazama au anaganda.

Halley Bay palikuwa na kundi la pili kwa ukubwa duniani. Mwaka 2016, baada ya dhoruba kali, barafu ilivunjika mapema na vifaranga karibu wote wakapotea. 2017 na 2018, hivyo hivyo. Watafiti waliligundua hilo kwa setilaiti, yaani kwa kutafuta kinyesi (ndiyo, kinyesi!): madoa ya kahawia juu ya weupe huonekana kutoka angani. Wakubwa wengi walihamia Dawson-Lambton, ambako idadi ilipanda. Vifaranga hawana uwezo huo wa kuhama.

Mwaka 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, makundi manne kati ya matano yalipoteza vifaranga vyao vyote.