VIHISI VISIVYOTUMIA WAYA KATIKA ULINZI WA NYUMBA: NAMNA YA KUTAFUTA KASORO

Katika eneo la Madale, Wilaya ya Kinondoni, nyumba nyingi hujengwa kwa awamu. Mwenye nyumba huanza na vyumba viwili na sebule, akahamia. Baada ya miaka michache akazungusha ukuta. Kisha akajenga banda la uani na kutia geti la chuma. Kengele ya tahadhari aghalabu hutiwa katika awamu ya kwanza, kwa waya zilizopitishwa ukutani kabla ya lipu. Zinapokuja awamu za baadaye, vigae vimekwisha kuwekwa na rangi imekwisha kupakwa, na hakuna anayekubali kuchimbua ukuta ili waya ufike getini. Hapo ndipo huongezwa vihisi visivyotumia waya, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Maelezo haya yamekusudiwa kwa watumishi wa Serikali na wananchi wengine waliojenga Madale, Goba, Bunju na sehemu nyengine za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Hata hivyo, mwenye nyumba Fuoni au Chake Chake naye atafaidika, kwani mawimbi ya redio hayabagui bara na visiwani.

Kihisi ni kidude kidogo kinachotambua badiliko na kulitolea taarifa. Aina mbili ndizo zilizoenea. Ya kwanza ni kihisi cha mlango, chenye sumaku upande mmoja na, upande wa pili, kibomba cha kioo ndani yake mna vipande viwili vyembamba vya chuma. Sumaku ikiwa karibu vipande hivyo hugusana. Mlango ukifunguliwa huachana. Ufundi huo ulibuniwa mwaka 1936 na Walter Ellwood wa maabara za Bell nchini Marekani, na hadi leo haujapata mshindani wa bei yake. Aina ya pili ni kihisi cha mwendo, ambacho hakioni mtu bali hupima joto linalopita mbele yake. Kila kihisi kisichotumia waya kina betri yake na kitumaji kidogo cha redio. Ndani ya kisanduku kikuu cha mfumo, au kando yake, kuna kipokezi kinachosikiliza.

Kasoro hujitokeza kwa sura mbili. Kuna kengele inayolia bila sababu na kuna kengele isiyolia panapo sababu. Ya kwanza huudhi, na madhara yake hujulikana na kila jirani: king'ora kikilia saa nane za usiku kwa ajili ya mjusi mara tatu kwa wiki, mara ya nne hakuna anayetoka, na mwisho mwenye nyumba mwenyewe huuzima mfumo akalala. Lakini ya pili ndiyo ya hatari zaidi. Vihisi vingi vya bei nafuu hutuma habari pale tu vinapoguswa. Baina ya hapo havisemi neno. Kikifa betri, au kikiibiwa, kisanduku kikuu hakina njia ya kujua, na taa yake ya kijani huendelea kuwaka kama kwamba mambo ni shwari. Vipo vihisi vya bei ya juu vinavyopeleka salamu kwa kisanduku kila baada ya muda maalumu, na salamu ikikosekana mwenye nyumba huarifiwa. Anayenunua aulize jambo hilo kabla ya kuuliza bei. Ambaye amekwisha kununua vile visivyo na salamu hana budi kuvijaribu vyote kwa mkono, kimoja kimoja, walau mara moja kila mwezi.

Wengi, kihisi kinaponyamaza, hukimbilia Kariakoo kununua kingine, na kile kipya nacho kikifungwa mahali palepale hunyamaza vilevile. Kabla ya kutumia fedha, lifanyike jaribio moja jepesi. Mfumo uwekwe katika hali ya majaribio ili usipige simu wala king'ora, na jirani pamoja na mlinzi waarifiwe. Kisha kihisi king'olewe mahali pake, kitiwe betri mpya, kiletwe umbali wa hatua mbili au tatu kutoka kwenye kipokezi, na kichochewe. Kisisogezwe hadi kikagusana na kipokezi, kwani mawimbi makali mno nayo huweza kukiziba masikio. Kikisikika hapo, kifaa ni kizima na ugonjwa ni wa mahali kilipofungwa. Kisiposikika, ugonjwa ni wa kifaa chenyewe, au cha mapatano baina yake na kisanduku.

Ugonjwa wa mahali ndio mwingi zaidi Madale, na sababu yake ni chuma. Tofali za saruji hupunguza nguvu ya mawimbi lakini huyapitisha. Mabati hayayapitishi, yanayarudisha. Nyumba yenye paa la bati lililoteremka chini, nondo nene madirishani, milango ya chuma na geti la bati nzito, kwa mawimbi ni kama sefu. Mawimbi ya masafa ya megahezi 433, yanayotumiwa na vihisi vingi vinavyouzwa madukani, yana urefu wa takriban sentimita 69. Tundu la nondo za dirisha lililo dogo sana kuliko urefu huo huyazuia kwa kiasi kikubwa, ingawa upepo na mwanga hupita.

Basi kihisi cha getini kisifungwe katikati ya bati la geti. Kisogezwe kwenye nguzo ya saruji, juu iwezekanavyo, upande unaotazama nyumba. Kipokezi nacho kikaguliwe. Kwa kawaida hutoka na kipande cha waya ambacho ndicho antena yake. Kwa megahezi 433 urefu wake ni kama sentimita 17, na kwa megahezi 868 ni nusu ya hapo. Waya huo unatakiwa usimame wima na huru. Baadhi ya mafundi, kwa kupenda unadhifu, huukunja na kuufungia ndani ya kisanduku cha chuma, na wengine huukata ncha. Kuutoa nje kupitia tundu dogo na kuunyoosha mara nyingi kumeponya vihisi vilivyokwisha kutupwa. Aidha, kipokezi kisiwe jirani na inveta, chaja za simu au taa za bei rahisi za LED, maana vifaa hivyo hutoa kelele za redio zisizosikika kwa sikio.

Ipo kasoro nyengine ya mahali ambayo huwasumbua hata mafundi. Kihisi cha banda la uani hujaribiwa mchana na kusikika vizuri, usiku hakisikiki. Mchana gari halipo. Usiku limeegeshwa baina ya banda na nyumba, nalo ni ukuta wa chuma. Kwa hiyo majaribio yafanywe katika hali ile ile ambayo mwizi ataikuta: milango imefungwa, geti limefungwa, gari lipo mahali pake.

Endapo kihisi hakisikiki hata karibu, itazamwe betri kwanza. Betri iliyokwisha huweza kuonesha volti tatu kamili kwenye mita ya fundi ikiwa haina kazi, kisha ikaanguka mara tu kitumaji kinapoanza kutuma. Hivyo ipimwe wakati kihisi kinachochewa. Vidole vya kushikia betri pia vitazamwe. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, unyevu wa pwani hufanya ukoga wa kijani juu ya vidole hivyo. Kuvifuta kwa pamba yenye spiriti na kuviacha vikauke hutosha. Sisimizi hupenda kuingia ndani ya vihisi vya nje. Tundu la nyuma lizibwe, ila matundu madogo ya chini ya kutolea maji yaachwe.

Baada ya betri ni masafa. Kihisi cha megahezi 433 hakisemezani na kipokezi cha megahezi 868, hata kama sura, rangi na jina la kiwanda ni moja. Jambo hili huwapata hasa wanaoletewa vifaa na jamaa walioko ng'ambo. Vihisi vingi vinavyouzwa Marekani hutumia masafa ya 319.5 au 345, na havitasikika kamwe katika kisanduku kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya. Masafa yakiwa sawa, bado lugha ya ishara hutofautiana kwa kila kiwanda. Namba ya masafa huandikwa nyuma ya kifaa kwa herufi ndogo, isomwe dukani. Kadhalika ikumbukwe kwamba vifaa vya mawasiliano ya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Hatimaye kihisi hutambulishwa kwa kisanduku na kupewa namba ya eneo. Huku kutambulishwa hufutika kwa baadhi ya mifumo pale fundi anaporejesha kisanduku katika hali ya kiwandani. Pengine kihisi kimetambulishwa, lakini kimewekwa katika eneo lenye subira, ambalo humpa mwenye nyumba sekunde 30 za kuingia na kuzima. Mlango wa mbele unastahiki subira hiyo. Dirisha la chumbani halistahiki.

Kuhusu vihisi vya mwendo, yapo mambo mawili yasiyojulikana na wengi. La kwanza ni kwamba vile vya betri, ili visimalize betri, husinzia kwa dakika mbili au tatu kila baada ya kutoa taarifa. Anayekijaribu kwa kupitapita mbele yake bila kukoma humzuia asiamke, naye huondoka akisema kimeharibika. Atoke chumbani, asubiri dakika tatu au nne, kisha aingie mara moja tu. La pili ni joto. Kihisi hicho hutambua tofauti kati ya joto la mwili na joto la kuta. Katika chumba chini ya bati bila dari, mchana wa Januari au Februari, kuta huweza kukaribia joto la ngozi ya binadamu, na kihisi hubaki kama kipofu hadi magharibi. Kutia dari husaidia. Vilevile kifungwe urefu wa mita mbili na kidogo, mahali ambapo mtu atakatiza mbele yake, kwani hutambua vizuri zaidi anayekatiza kuliko anayekijia moja kwa moja.

Ama kengele ya ovyo, mara nyingi hutokana na kihisi cha mwendo kutazama dirisha lenye jua, au majani ya mgomba yanayopata joto na kuchezeshwa na upepo, au buibui aliyetanda juu ya kioo chake. Kwa upande wa geti, chanzo huwa ni sumaku. Chuma cha geti huinyonya nguvu yake, na geti lililolegea bawaba hutikiswa na upepo hadi sumaku ikasogea mbali. Kipande cha mbao au plastiki chenye unene wa sentimita moja kiwekwe baina ya sumaku na chuma, na bawaba zikazwe. Kukaza bawaba ni kazi ya fundi wa kuchomea vyuma, si ya fundi wa kengele, na ndiyo sababu huachwa.

Umeme unapokatika, mfumo hutegemea betri ya akiba ya volti 12 iliyomo ndani ya kisanduku kikuu. Betri hizo huishi miaka mitatu hadi mitano, na pungufu ya hapo katika joto la pwani. Ikichoka, king'ora huweza bado kulia kwa sauti hafifu huku kipokezi kimekwisha kuacha kusikia. Mwenye nyumba achomoe umeme wa kisanduku kwa muda wa saa moja, kisha ajaribu vihisi vyote kwa betri ya akiba peke yake. Betri iliyopumzika ikionesha volti 12.7 imejaa, ikishuka hadi 12 imekwisha.

Mifumo mingi humpigia simu mwenye nyumba kwa laini iliyomo ndani ya kisanduku. Laini hiyo nayo ni lazima isajiliwe kwa alama za vidole na kuwekewa salio. Wapo waliogundua baada ya kuvunjiwa kwamba laini ilikwisha kufungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Ijaribiwe pamoja na vihisi, siku moja ya kila mwezi, kwa kuacha mfumo upige simu kweli. Namba ya dharura ya Polisi, 112, haifai kuingizwa katika orodha ya kupigiwa na mashine. Iingizwe namba ya mtu wa nyumbani na ya jirani mmoja anayeweza kutoka kutazama, ambaye ndiye atakayewaita Polisi akiona haja.

Fundi akimaliza kazi, mwenye nyumba amtake ampe namba ya siri ya fundi, ambayo ni tofauti na ile ya kuwashia na kuzimia. Mara nyingi huachwa kama ilivyotoka kiwandani na huandikwa katika kijitabu cha maelezo ambacho yeyote anaweza kukipata. Ibadilishwe siku hiyo hiyo, fundi akiwepo, na iandikwe mahali pasipo karibu na kisanduku.