Baada ya PhD Hakuna Fomu

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana mwenye uzamivu wa baiolojia ya malaria: "Dokta, fomu za kusomea ubongo baada ya PhD zinatoka lini?" Hazitoki. Hazijawahi kutoka. Ngazi za sifa za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) zinaishia ya 10, nayo ndiyo uzamivu. Juu yake hakuna darasa, ada wala joho. Kinachofuata ni ajira: mtafiti mkuu fulani amepata ruzuku, ana swali linalomkosesha usingizi, anatafuta mtu wa kulifanyia kazi kwa mkataba na mshahara.

Kwa hiyo wakala anayekudai "ada ya usajili" akupeleke Ulaya anakuibia, hata barua yake iwe na nembo tatu. Nimeonyeshwa moja. Inampongeza mwombaji kwa "kudahiliwa", inataja malipo ya muhula, na hakuna mahali inapotaja mradi wala mtafiti. Muhula wa somo gani? Mtu aliyezoea kutilia shaka kila jedwali la wenzake anaisoma barua hiyo na kwenda kukopa!

Wasiotapeliwa nao wamo kwenye imani hiyohiyo. Wanatuma barua pepe moja kwa maprofesa arobaini, "Mheshimiwa Profesa, naomba nafasi", wanaambatanisha vyeti tangu cha kidato cha nne, kisha wanasubiri majina yatoke. Profesa hana haja na cheti chako cha kidato cha nne. Anataka kujua utamjibia swali gani. Na Tanga maswali yapo. Watoto wenye malaria kali waliolazwa Korogwe na Muheza walikuwemo katika jaribio la dawa la AQUAMAT, lililochapishwa 2010: katika jaribio zima, waliopewa artesunate walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Sasa, mtoto aliyepona malaria iliyompanda kichwani anasoma vipi akifika darasa la tatu? Huo ni utafiti wa ubongo, na huanzi nao kwa kununua mashine. Andika aya mbili, taja makala ya huyo profesa uliyoisoma kweli, sema utaongeza nini.

Haya, milango. Kilifi, Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome wamechunguza kifafa kwa miaka mingi. Kutoka Tanga, ukipitia mpaka wa Horohoro, ni karibu kuliko Dar. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Ulaya: usiwe umepitisha miaka 8 ya utafiti baada ya PhD, wala kukaa nchi uendayo zaidi ya miezi 12 katika 36 iliyopita; mnaomba pamoja na mwenyeji wako, kwa kawaida mwisho Septemba, kwa hiyo mwenyeji atafutwe mapema. Ugonjwa wa kusahau uzeeni: Global Brain Health Institute, San Francisco na Dublin. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, hawaajiri, ila kozi zao fupi ndizo zinazokukutanisha na waajiri. Ukiitwa, kabla ya kusaini uliza fedha zinaisha lini, bima analipa nani, na data utakazokusanya utaruhusiwa kuondoka nazo au la.