Tarehe Ubavuni mwa Kichupa

Katika vitu alivyonionyesha muuguzi mmoja, mzaliwa wa Mombasa ahudumiaye askari wastaafu huko Marekani, kilichonikaa moyoni si picha ya utumbo wala onyo la saratani, bali mstari mtupu, usiozidi upana wa kidole gumba, ubavuni mwa kichupa cha plastiki, ambapo mgonjwa hutakiwa kuandika kwa mkono wake tarehe aliyochukua choo.

Kichupa hicho, cha kuchunguzia saratani ya utumbo mpana, huletwa na posta. Kifuniko chake kina kijiti chenye vifereji nchani. Mtu hutandaza karatasi juu ya bakuli la choo, akaenda haja, akakikwaruza kijiti hapa na pale juu ya kinyesi mpaka vifereji vijae, akakirudisha ndani ya maji yake, akatia yote bahashani. Hapana kufunga wala kujinyima nyama, maana kipimo hutafuta damu ya binadamu tu, ile isiyoonekana kwa macho. Kila mwaka hurudiwa. Na umri wa kuanza, uliokuwa miaka 50, wataalamu wa huko waliushusha hadi 45 mwaka 2021.

Kinachomkera muuguzi ni vichupa virudivyo bila tarehe. Maabara huvikataa, kwa kuwa damu huharibika siku zipitapo, hasa katika joto la sanduku la barua wakati wa kiangazi, na kichupa kilichochelewa chaweza kutoa habari njema ya uwongo. Basi humpigia simu mzee aliyepigana Vietnam, akamwambia hana budi kuanza upya, na upande wa pili kukawa kimya. Yeye hakubali kwamba ni usahaulifu: jeshini watu hao waliandika jina na namba juu ya kila kitu. Ni haya, asema. Mtu amekwisha kutenda jambo la fedheha, ataka kulifunga upesi lisimtazame tena. Siku hizi, kabla ya kutuma, huuzungushia mstari ule wino mwekundu.

Damu ikionekana si hukumu, huenda ikawa bawasiri. Lakini lazima kamera ipitishwe utumboni, na kwa ajili ya dawa ya usingizi lazima awepo mtu wa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Nikamwuliza, na yule aishiye peke yake? Akavikusanya vichupa vyake taratibu, akaniambia kwamba simu yake ya kwanza kesho ni kwa mtu wa namna hiyo, na kwamba hii itakuwa mara ya nne.