Bakuli Linajibu

Sogea hapa, mwanangu. Umeuliza swali zuri. Wakubwa wengi hawaulizi, wanabaki na uvumi tu.

Uliiona sanamu ile dukani, kule Mpondwe karibu na mpaka. Mzee mnene, tumbo nje, anacheka. Ukaniuliza: "Mjomba, huyu ndiye Budha?"

Siye. Huyo ni Budai, mtawa wa Kichina anayesimuliwa katika hadithi. Budha mwenyewe ni Siddhartha Gautama, aliyezaliwa Lumbini, katika nchi tunayoiita leo Nepali, yapata miaka 2,500 iliyopita. Inasimuliwa kwamba kuna wakati alijinyima chakula hata mbavu zikahesabika!

"Basi ni mungu wa Wachina?"

Wala. Alikuwa mtu. Unawajua vijana wetu wanaowapandisha wageni Rwenzori? Kijana anakwambia: kanyaga hapa, pale pana tope. Lakini kupanda, unapanda mwenyewe. Hakubebi. Na Budha hakubebi. Wengi wanaoinama mbele ya sanamu yake wanamwamkia mwalimu.

"Lakini hiyo si dini ya watu wa mbali?"

Hilo tuliachie bakuli la mtawa, lile analotiliwa chakula. Haya bakuli, sema!

"Mimi naishi karibu na Entebbe," linasema bakuli. "Kituo chetu cha Wabudha kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda wa kuzaliwa. Zamani akiitwa Steven Kaboggoza. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma, huko akakutana na watawa. Mwaka 2002 naye akawa mtawa, akiwa Kalifornia. Kisha akarudi nyumbani. Hata mama yake mzazi akawa mtawa!"

Umesikia? Mama mzazi!

"Bakuli, na nyama unapokea?"

"Napokea ninachotiwa. Ukinitilia maharage, ni maharage. Ukinitilia samaki, ni samaki. Watu hudhani Wabudha wote hawali nyama. Wapo wasioigusa, wapo wanaokula. Ila mnyama asichinjwe kwa ajili ya mtawa. Hapo tunakataa."

"Na jioni je?"

"Jioni niko mtupu, nimeoshwa, nimefunikwa. Watawa wetu hawali baada ya saa sita mchana, mpaka alfajiri."

"Ha! Mjomba! Sasa yule wa dukani alinenepeaje?"

Ah, unaona akili hiyo? Kesho kamuulize mwenye duka, kisha uje unieleze alivyojibu.