Mashine ya gemu ya zamani: ijueni kabla hamjaiwasha

Kama unaishi Sitalike utakubaliana nasi: mchana shughuli ni nyingi, lakini jioni ikiingia starehe ni za kuhesabu. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, chini ya kilomita 50 kutoka Mpanda mjini. Wageni wanafika, wanawashangaa viboko wa Mto Katuma, wanakula, wanalala. Na nyie wenyeji, iwe mna kimgahawa au ni waajiriwa tu, wikiendi mnaishia kila mtu na simu yake, kila mtu kona yake.

Sasa tuseme mmesikia kuna mashine kuukuu ya gemu, ile ya kutumbukiza sarafu, imekaa stoo miaka nenda rudi huko Mpanda, Mwanza au Dar, na mwenyewe anaiachia kwa bei ya kutupa. Mwenzi wako macho yanamng'aa. Wewe unajiuliza: tunanunua burudani au tunanunua kesi?

Swali hilo ndilo la kuanzia. Mashine ya aina hii inaweza kuwa kazi nzuri sana ya wawili, lakini inataka itambuliwe kwanza. Ukikosea hapo, kuna mambo matatu yako hatarini: mfuko wenu, sheria na hata maisha yenu.

NI GEMU AU NI DUBWI?

Siku hizi mtu wa kijijini ukimwambia "mashine ya sarafu" anafikiria dubwi, zile mashine za vilabuni zenye picha za matunda na taa zinazozunguka, unatumbukiza shilingi 200 ukiomba bahati. Hiyo ni kamari. Kwa Tanzania, mashine za kamari ziko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Zinahitaji leseni, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Gemu halisi ya zamani ni kitu kingine. Sarafu yako inanunua muda wa kucheza tu. Ukiwa mjanja unacheza muda mrefu, ukiwa mzembe unatolewa mapema, lakini hakuna hela inayorudi.

Utazitofautishaje? Angalia chini kwa mbele. Ukiona kitako cha kupokelea sarafu zinazomwagika, na ndani kuna chombo cha kuzihesabu na kuzitoa, hiyo ni ya kamari hata kama imechorwa vikaragosi. Gemu ina kijiti cha kuongozea, vitufe, na kioo kama cha televisheni. Kama ni ya kamari na hamna leseni, msiilete nyumbani, tena kwenye watoto. Acheni ipite.

GEMU ILIYOWAZA WAPENZI

Biashara ya gemu za sarafu ilianza kushika kasi miaka ya 1970. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine yake ya Pong kwenye baa moja ya Sunnyvale, California. Muda si mrefu ikagoma. Fundi Al Alcorn alipokwenda kuifungua, alikuta sarafu zimefurika mpaka hazina pa kwenda! Mwaka 1978 Taito ya Japani ikaleta Space Invaders, na mwaka 1980 Namco ikaleta Pac-Man.

Hii ya mwisho ina stori tamu kwa wapendanao. Mbunifu wake, Toru Iwatani, aliona vyumba vya gemu vya Japani vimejaa wanaume watupu na gemu zenyewe ni za kupigana risasi. Akataka kitu ambacho wanawake na wapenzi wangefurahia pia, ndipo akabuni yule kiumbe wa njano anayekula tu. Kwa hiyo mkikaa wawili mbele ya Pac-Man, mnafanya kile hasa alichokikusudia.

Tena kuna muundo wa meza: kioo kinatazama juu, mnakaa mnatazamana, na zamu ikibadilika picha inageuka upande wa mwenzako. Kwa mgahawa mdogo, huo ndio wenyewe.

SOMENI VITAMBULISHO VYAKE

Usiamini michoro ya ubavuni. Makasha mengi yalibadilishwa gemu mara kadhaa, nje ikabaki ya zamani. Ushahidi uko ndani na nyuma.

Kwanza, tafuteni bamba la chuma au karatasi iliyobandikwa nyuma: jina la kampuni, namba ya mashine, volti na wati. Pili, angalieni bodi ya umeme ndani. Chipu nyingi zina namba nne za tarehe, mwaka kisha wiki. 8132 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 1981. Ila angalizo: namba kama 7432 inaweza kuwa jina la chipu yenyewe, kwa hiyo soma chipu nyingi, usishike moja. Kama karibu zote zinasema 1981 na moja inasema 1990, fundi alishapita hapo.

Tatu, angalieni plagi kubwa ya bodi. Kuanzia mwaka 1985 Wajapani walianza kutumia mfumo mmoja uitwao JAMMA, wenye nafasi 56 za kuunganisha. Mkiikuta hiyo, furahini, maana bodi ya gemu moja inaweza kuchomolewa ikawekwa nyingine. Pigeni picha kila kitu, kisha tafuteni kitabu cha fundi cha mashine hiyo kwenye intaneti. Vingi vimehifadhiwa huko.

MSIWASHE KWANZA

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Shauku inapanda, mtu anachomeka ukutani, puu! Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya Japani inataka 100, ya Marekani 120. Bila transfoma ya kushusha umeme mnaiunguza siku ya kwanza. Na kama mnatumia sola, linganisheni wati za kwenye bamba na uwezo wa inveta yenu.

Kioo chake ni kile cha TV za chogo, na hiki si cha kuchezea. Ndani kinabeba maelfu ya volti, na kinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Msiguse kile kikombe cha mpira mgongoni mwa kioo. Mpeni kazi hiyo fundi aliyezoea TV za chogo. Kioo kikiwa kizima msikitupe, maana viwanda vikubwa vimeshaacha kuvitengeneza.

KAZI YA WAWILI

Mengine mnaweza wenyewe, mashine ikiwa imechomolewa na fundi ameshakishughulikia kioo. Mmoja anafungua, mwingine anapiga picha na kubandika alama kwenye kila waya kabla haujachomolewa. Anayefungua asiwe na haraka, anayeandika asinune.

Anzeni na kasha. Kwa huku kwetu adui namba moja ni mchwa. Gongeni mbao za chini, zikilia kama debe tupu zibadilisheni, na msiiweke mashine moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo. Pulizeni vumbi kwa brashi laini. Kama bodi ina betri iliyovuja, fundi aitoe, asafishe ukijani kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti, iachwe ikauke kabisa. Kabla ya kuunganisha bodi, apime umeme unaoiendea: nyingi zinataka volti 5, na zikizidi sana chipu zinakufa.

Na sarafu je? Kinywa cha zamani kilitengenezwa kwa sarafu ya nchi yake, hakiijui shilingi 200 yetu. Msikikwangue kwa tupa. Kuna vinywa vipya vya kulinganisha: unaweka sarafu ya mfano ndani, nacho kinakubali zinazofanana nayo. Njia rahisi zaidi ni swichi ndogo za kwenye bodi. Mashine nyingi zina mpangilio wa kucheza bure, na kwa nyumbani huo unatosha kabisa.

KUBALIANENI HESABU

Kabla ya kulipa, kaeni chini muandike bei, usafiri, transfoma, fundi na vipuri. Kisha wekeni kikomo ambacho hakuna wa kukivuka kimyakimya. Kinachogombanisha watu si mashine, ni ile "elfu kumi tu ya waya" inayorudi kila wiki bila mwenzako kujua. Na kama mmoja wenu hana hamu kabisa, mwacheni. Mradi wa wawili haulazimishwi.

Kwa kuanzia, mkienda Mpanda msikimbilie kwa muuzaji. Mtafuteni kwanza fundi wa TV za chogo, mumwulize kama yuko tayari kwenda kuiangalia pamoja nanyi. Akikubali, bebeni tochi na simu yenye chaji. Pesa ziacheni nyumbani siku hiyo.