Siri ya mwezi kuandama, kupevuka na kufifia

WAVUVI wa omena katika Ziwa Victoria hawahitaji kalenda ya ukutani ili kujua siku zao za mapumziko. Usiku wa giza, maji yaliyo kati ya Mbita na kisiwa cha Mfangano hupambwa na taa nyingi zinazoelea, ambazo huwavuta samaki hao wadogo hadi karibu na nyavu. Lakini mwezi unapopevuka, taa huzimwa na mashua huvutwa ufuoni kwa siku kadhaa.

Mbalamwezi ikitanda ziwani, mwanga wa taa hupoteza mvuto na omena hutawanyika. Hivyo basi, mapato ya mvuvi, kazi ya mama anayewaanika omena juani na hata bei sokoni hufuata mwendo wa mwezi angani.

Hata hivyo, ni wachache wanaoweza kueleza kwa nini mwezi, ambao wiki mbili awali ulikuwa mwembamba kama ukucha, huja ukawa duara kamili, kisha ukamegeka tena kidogo kidogo hadi ukatoweka.

Jibu linalotolewa mara nyingi, hata na watu waliosoma, ni kwamba kivuli cha dunia ndicho huufunika. Jibu hilo si sahihi.

Nusu huangazwa daima

Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Ni tufe la mwamba na vumbi lenye kipenyo cha kilomita 3,474, kiasi cha robo ya kipenyo cha dunia, na liko umbali wa wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa. Mbalamwezi ni mwanga wa jua uliogonga uso wa mwezi na kurudishwa duniani.

Kwa kuwa mwezi ni wa mviringo kama mpira, jua huweza kuangaza nusu yake tu kwa wakati mmoja. Nusu ya pili huwa gizani. Hali ni hiyo hiyo duniani, ambako watu wa upande mmoja huwa na mchana ilhali wa upande wa pili wamelala.

Nusu hiyo yenye mwanga haiongezeki wala haipungui mwezi unapoandama au kupevuka. Kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo kinachoielekea dunia, kwa sababu mwezi huizunguka dunia na kila siku huonekana kutoka pembe tofauti.

Mwezi unapokuwa upande uliko jua, nusu yake iliyoangazwa hulitazama jua na kuipa dunia kisogo. Wakati huo mwezi hauonekani. Siku moja au mbili baadaye, ukingo mwembamba wa ile nusu yenye mwanga hujitokeza magharibi punde tu baada ya jua kutua. Huo ndio mwezi mwandamo, au hilali.

Baada ya wiki moja hivi, mwezi huwa umekamilisha robo ya safari yake, na nusu ya uso wake huonekana iking'aa. Jua linapotua, mwezi huo huwa juu utosini, nao huzama karibu saa sita za usiku. Wataalamu huuita robo ya kwanza, ijapokuwa kwa macho ni nusu, kwani wanachohesabu ni safari wala si umbo.

Wiki nyingine ikipita, dunia huwa katikati, jua likiwa upande mmoja na mwezi upande wa pili. Nusu yote iliyoangazwa huielekea dunia, na mwezi mpevu huchomoza mashariki wakati ule ule jua linapozama magharibi. Kuanzia hapo safari hurudi nyuma: mwezi humegeka, hufikia robo ya mwisho na kuchomoza karibu saa sita za usiku, kisha hubaki ukucha wa alfajiri kabla ya kupotea.

Somo la chungwa na taa

Mzazi au mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili bila chombo chochote cha maabara. Taa moja huwekwa kwenye meza katika chumba chenye giza. Mtoto hushika chungwa mbele yake huku amenyoosha mkono. Taa ni jua, chungwa ni mwezi na kichwa cha mtoto ni dunia.

Akiielekea taa, ataona upande wa chungwa ulio gizani. Akigeuka taratibu kuelekea kushoto, ukingo wenye mwanga utaanza kujitokeza. Taa ikiwa ubavuni mwake, nusu ya chungwa itang'aa. Akiipa taa mgongo na kuliinua chungwa juu kidogo ya kichwa, ataliona lote likiwa na mwanga. Katika mzunguko huo wote, taa imeangaza nusu ya chungwa bila kubadilika.

Akilishusha chungwa hadi usawa wa kichwa huku ameipa taa mgongo, kivuli cha kichwa chake kitalifunika. Hapo ndipo kivuli cha dunia huingia katika habari za mwezi, na tukio hilo huitwa kupatwa kwa mwezi.

Kupatwa si kufifia

Kupatwa kwa mwezi hutokea mwezi ukiwa mpevu pekee, na humalizika kwa saa chache. Wakenya walishuhudia tukio hilo Septemba 7, 2025, mwezi ulipoingia wote katika kivuli cha dunia kuanzia saa mbili na nusu usiku na kukaa humo kwa zaidi ya saa moja, ukiwa na rangi nyekundu iliyokolea.

Iwapo kivuli cha dunia ndicho kingekuwa chanzo cha mwezi kubadilika, basi nusu mwezi isingeonekana kamwe ikiwa utosini jua linapotua. Wakati huo kivuli cha dunia huelekea mashariki, mbali kabisa na mahali ulipo mwezi.

Tukio hilo halitokei kila mwezi mpevu kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua. Mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Kwa sababu hiyo hiyo, si kila mwezi unapopita upande wa jua hulifunika, kama ilivyotokea Novemba 3, 2013, jua lilipopatwa na kivuli cha mwezi kupita eneo la Turkana.

Kosa jingine ni kudhani kuwa upande wa nyuma wa mwezi, ambao hauonekani kamwe kutoka duniani, huwa gizani daima. Upande huo hufichika kwa kuwa mwezi hujizungusha mara moja katika muda ule ule unaotumia kuizunguka dunia. Lakini nao hupata mchana wake. Mwezi unapokosa kuonekana duniani, ni upande huo wa nyuma unaowaka kwa jua. Picha zake za kwanza zilipigwa mnamo 1959 na chombo cha Urusi ya Kisovieti, Luna 3.

Mashua angani

Huku Kenya, nchi inayopitiwa na Ikweta, mwezi mwandamo huonekana umelala, pembe zake zikielekea juu mithili ya mashua. Mkazi wa London huuona umesimama wima zaidi. Mwezi ni ule ule mmoja. Karibu na Ikweta, jua na mwezi huteremka karibu moja kwa moja hadi upeo wa macho, hivyo jua lililokwisha kutua huwa chini ya mwezi na kuuangaza kutoka huko. Popote atakapokuwa mtazamaji, upande unaong'aa ndio unaolielekea jua.

Hilali hiyo ndiyo husubiriwa na Waislamu kuanza na kumaliza mfungo wa Ramadhani. Mwezi huizunguka dunia kwa siku 27.3, lakini dunia nayo huwa inasonga mbele kulizunguka jua, kwa hivyo mwezi hulazimika kusafiri siku mbili zaidi ili kulifikia tena. Kutoka mwandamo hadi mwandamo huwa ni wastani wa siku 29.5. Kwa kuwa siku haigawanyiki, mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30.

Aidha, ni nadra sana hilali kuonekana kwa macho matupu kabla ya saa 15 kupita tangu mwezi ulipokuwa upande wa jua. Mji ulio mbali magharibi hufikiwa na machweo baadaye, na kufikia hapo mwezi huwa umekua kidogo. Ndiyo maana hilali yaweza kuonekana kwingine jioni ambayo watazamaji wa Lamu au Mombasa wameikosa, pasipo yeyote kusema uongo. Swali la iwapo mwandamo wa mbali unatosha ni la wanazuoni, na elimu ya nyota haiwezi kulijibu kwa niaba yao.

Bamvua na maji mafu

Wakazi wa Pwani wana sababu nyingine ya kuufuatilia mwezi. Bahari hujaa na kupwa hasa kwa sababu ya mvuto wa mwezi, na jua huchangia kwa kiasi kidogo. Mwezi unapoandama au kupevuka, jua, dunia na mwezi huwa katika mstari mmoja na mvuto wao huungana. Maji hujaa sana na kupwa sana, hali ijulikanayo kama bamvua. Bandarini Mombasa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3.

Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake. Tofauti hiyo hupungua, na wavuvi husema ni maji mafu.

Kwa wanaotafuta pweza kwa miguu kwenye miamba ya Shimoni na Vanga, tofauti hiyo ni riziki. Miamba hubaki wazi wakati wa bamvua, kisha bahari hurejea. Anayeutazama mwezi hujua siku ya kwenda mwambani, na hujua pia kwamba maji yatakayomfuata ni mengi kuliko ya wiki iliyotangulia.

Mvuvi wa omena naye hutumia hesabu iyo hiyo. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Siku ya tatu baada ya kupevuka, hauchomozi hadi yapata saa tatu za usiku. Giza hilo la mapema hurefuka kila siku, na ndilo huwaambia watu wa Mbita kwamba wakati wa kuzirejesha taa majini umekaribia.